Ombi Kuhusu Mtu wa Kumsindikiza Perusi Kwenye Gari Moshi

Temeke, Dar es Salaam.
Jumatatu, baada ya kazi.

Kwa Baba yangu mzazi,
Guta, Bunda.

Shikamoo Baba.

YAH: NANI AFUATANE NA PERUSI KUJA DAR ES SALAAM

Kwa heshima na unyenyekevu, mimi mwanao Majura naleta kwako ombi linalohitaji uamuzi wako. Kabla ya hapo natumaini goti lako la kushoto limepata nafuu, na kwamba pamba ya shamba la chini imechumwa yote. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii. Naomba barua hii uisome mwenyewe kwa miwani yako, usimpe mtu akusomee.

Barua yako niliipokea. Umeeleza kwamba mke wangu Perusi, kwa kuwa ana mimba ya mwezi wa tano, hafai kusafiri peke yake, na kwamba utafuatana naye wewe mwenyewe kutoka Mwanza hadi huku. Baba, ni heshima kubwa mno. Kosa la awali ni langu, maana niliandika "mtafutie mtu wa kuaminika," na wewe ukatazama pande zote usimwone wa kuaminika kukuzidi. Hata hivyo, tangu nisome maneno yale, chakula hakinishuki. Naomba nieleze sababu, na univumilie nikianzia mbali.

Mwenye nyumba wetu, mwalimu mstaafu, amenunua televisheni, kama wengi wanavyofanya siku hizi biashara ilivyoachiwa huru. Jumapili alasiri huiweka uani, nasi wapangaji hutazama mchezo wa kuendelea, wa nchi isiyokuwepo, yenye wafalme na wachawi. Yeye hututafsiria. Habari yenyewe ni ya binti mmoja anayepeleka dawa kwa mchumba wake mgonjwa, akiwa na wenzake watano.

Mchezo huo, Baba, umenitia uchungu kwa namna watu wale wanavyosafiri. Wanao mtumbwi unaokwenda wenyewe bila kasia. Waliufunga kwenye mti, wakaingia kwa miguu katika msitu ambao kila mwenyeji aliwaambia kwamba aingiaye hatoki. Walipofika njia panda waligawanyika: mwenye ramani akaenda kushoto, na yule pekee ajuaye kuisoma akaenda kulia. Mtu wa Guta anayetaka kufika Butiama hapandi gari la Mwanza. Nilisema hayo kwa sauti, na tangu hapo wananiita Katibu, ati nahesabu makosa kama wa kikao.

"Katibu, umeona?" alisema Mama Zaituni, muuza maandazi, tunayepakana naye chumba. "Wiki ya nne hii watu wanatembea tu. Kwani hawa hawali?"

"Wanakula kwenye matangazo ya biashara," akajibu fundi viatu. "Sisi tukionyeshwa sabuni, wao wanasonga ugali."

"Na chooni je?"

"Mama Zaituni, yule ni binti wa kifalme!"

"Ndiyo nauliza! Au kwao hakuna?"

Walicheka sana. Nami nilinunua karatasi nzuri ili niwaandikie wenye kituo cha televisheni nikidai maelezo. Karatasi yenyewe ndiyo hii unayoisoma, kwa sababu Jumapili iliyopita lilitokea jambo lililonifanya niiache barua ile.

Mfalme mzee, baba yake yule mchumba, aliamua kumsindikiza binti mwenyewe. Ni mtu mwema, ana upanga, hakuna anayethubutu kumsogelea. Lakini desturi yao ni kwamba atembeaye nyuma ya mfalme hasemi mpaka mfalme ageuke amsemeshe. Mfalme akatangulia juu ya farasi, akitazama mbele ili amlinde na maadui. Binti akachomwa na mwiba wenye sumu, akaanza kupepesuka. Mfalme hakugeuka. Uani watu walisimama wakipiga kelele, "Mwite! Mwite!" Binti hakumwita. Alianguka kimya, na farasi akaendelea kwenda.

Fundi viatu akasema, "Mjinga huyu! Mdomo anao." Wote wakacheka. Mimi, Baba, niliingia ndani nikakaa kitandani.

Unakumbuka safari yako na Perusi mlipokwenda Musoma akapimwe, akaanguka pale stendi. Uliniandikia kwamba ilikuwa malaria. Haikuwa malaria. Alitoka Guta alfajiri bila kula wala kunywa, kwa sababu mkwe hali mbele ya baba mkwe. Bunda gari liliposimama watu wakashuka kujisaidia, yeye hakushuka, kwa kuwa angepaswa kupita mbele yako. Baada ya kuanguka ulimnunulia soda na mkate, ukaviweka kando yake, ukazunguka upande wa pili wa gari ili apate nafasi. Ulifanya kama baba afanyavyo. Lakini yeye alikuwa ameketi chini, na kupitia uvungu wa gari alikuwa akiviona viatu vyako. Mkate ule alirudi nao Guta.

Haya aliniandikia mwenyewe, akanikataza nisikwambie. Maneno yake ni haya: "Baba alinitunzaga kuliko hata aliyenizaa. Ila mimi mbele yake hata mate hayashuki." Nimevunja agizo lake, naomba asiulizwe.

Stendi ya Musoma ilikuwa safari ya nusu siku. Gari moshi ni siku mbili na zaidi, ndani ya behewa moja, magoti kwa magoti, wala hakuna upande wa pili wa kuzungukia.

Kuhusu Shangazi Nyabise, dada yako wa Butiama, uliandika kwamba hafai kwa safari maana atalimaliza behewa zima kwa maneno. Kwa heshima, Baba, hilo ndilo ninalolitaka. Shangazi ataomba maji kwa wasiomjua, atamlazimisha Perusi kula, na atamshika mkono kwenda chooni huku akitangaza wapishwe njia. Mimi mwenyewe kuja kumchukua sasa haiwezekani. Tangu nilipopunguzwa kazi Musoma hii ndiyo ajira niliyopata, na nikiomba ruhusa ya wiki mbili, tajiri atamweka mwingine. Wasio na kazi wanasubiri getini kila asubuhi. Ukiona Shangazi hafai kabisa, basi Perusi abaki kwako ajifungulie hapo, nami nitamwona mtoto nitakapopata likizo. Itaniuma, lakini nitaridhika kwamba anakula.

Nisalimie Mama, mwambie kitenge chake nimekipata cha rangi ile ile. Nisalimie mdogo wangu Mafuru aliyebaki Kamunyonge, kule Musoma, na katekista aliyenifundisha kuandika barua. Perusi mwambie tu kwamba chumba kina dirisha.

Baba, sikatai uamuzi wako, ninaomba uutazame upya. Tuma simu ya maandishi kutoka posta ya Bunda, yenye neno moja: SHANGAZI, au SUBIRI. Naomba uamue.

Mimi mwanao mtiifu,
Majura