Shimo Chini ya Kikapu

Jumatatu, 6 Oktoba

Mazoezi, wachezaji saba. Wawili wameenda Kambove kuchimba madini, hata hawakuaga. Mwamba alifika wa kwanza kama kawaida yake, mita mbili na ushee za mifupa mitupu. Akainua mkono, akauachia mpira udondoke wenyewe. Ulipomrudia kiunoni akasema yale yale ya miaka yote: "Uwanja iko muzima."

Uwanja mzima, timu mahututi. Nilimwambia hivyo. Hakucheka.

Ligi ya mpira wa kikapu imetuma ujumbe. Mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi. Asipokuta mistari iliyopakwa upya na choo cha wageni, sisi Nyundo tunatolewa daraja la kwanza. Mipira tunayo miwili, mmoja umetoboka, wao wanataka choo.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimepaka mistari peke yangu. Mgongo unauma.

Baba aliichezea Nyundo zamani, kampuni ya mgodi ilipokuwa inailea. Walikuwa na basi lao. Walivuka mpaka wa Mokambo kwenda kucheza Zambia, wakarudi na vikombe. Kampuni ilipoondoka ilituachia jina, hii saruji ya uwanja hapa Ruashi, na sifa ya kuwa wachezaji wa kulipwa. Kulipwa na nani, hakuna ajuaye. Mke wangu hucheka kila akilisikia neno hilo.

Mimi ni nahodha, na tangu kocha ahamie Kolwezi, mimi ndiye kocha pia. Nyundo isife mikononi mwangu. Siombi zaidi ya hapo.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumechimba shimo la choo nyuma ya kikapu cha kaskazini. Lilipofika kifuani mwa Mwamba, sepetu yake ikatoa jiwe la kijani. Shaba. Hapa Ruashi hata mtoto anayenyonya analijua jiwe hilo.

Wote wakasema kwa pamoja.

Mshipa wa jiwe unaelekea chini ya uwanja.

Jumapili, 12 Oktoba

Tulikutana baada ya misa. Wanataka kuvunja saruji. Nimewapigia kelele mpaka sauti imekauka. Mwamba alingoja nimalize, akauliza taratibu: "Capi, bana batakula panier?" Ana watoto wanne, na kikapu hakiliwi. Nikazidi kukasirika.

Mwishowe wazo limetoka kwangu. Wasivunje kitu. Waingilie kwenye shimo la choo, wachimbe kwa chini, saruji ibaki juu kama dari. Mkaguzi hataona chochote. Wakimaliza, tunafukia. Wamekubali wote, wakaniita mwenye akili.

Nimejisikia vizuri jioni yote.

Ijumaa, 17 Oktoba

Asubuhi wanachimba, jioni wanacheza. Na wamegawana chini kama walivyogawana juu: kila mtu anachimba kuelekea pale anapochezea. Mwamba, kwa kuwa ndiye mrefu wetu wa kukaa karibu na ringi, amechukua chini ya kikapu. "Hii njo nafasi yangu," kasema, "juu na chini."

Mpira umeshika vumbi la kijani. Wale wawili wamerudi kutoka Kambove. Tuko tisa, na wanakimbia kweli kweli, maana sasa wanauza jiwe na kula bukari, ugali wetu wa hapa, mara mbili kwa siku. Inaniuma kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyo.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua ya kwanza kubwa.

Mwamba ameudondosha mpira wake pale chini ya kikapu. Uwanja umelia kama ngoma. Mpira ulirudi, lakini sauti haikuwa ya saruji. Akaniangalia. Hakuyasema maneno yake.

Niliogopa. Halafu nikapuliza filimbi, mazoezi yakaanza.

Alhamisi, 30 Oktoba

Mkaguzi amekuja. Kapima ringi, kapima mistari. Shimo tulikuwa tumelifunika mbao na kulizungushia mabati, akachungulia mlangoni na kuridhika. Haja haikumbana, namshukuru Mungu. Akapiga kisigino kwenye saruji, katikati kabisa. "Iko solide," akasema, yaani ni imara.

Tumepita. Nyundo tumebaki daraja la kwanza. Mechi ya kwanza ni hapa nyumbani, Jumamosi ya wiki ijayo, na timu ya Likasi.

Nimewaambia wote: basi, imetosha, tunafukia. Mwamba akaomba asubuhi moja tu, amalizie pale alipofika. Ningeweza kukataa. Nilikuwa na furaha, nikasema haya.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mwamba amekufa.

Ilinyesha usiku kucha na bado akashuka. Saruji imezama kipande kizima, pamoja na mstari wa mitupo huru nilioupaka kwa mkono wangu. Tumefukua kwa sepetu, kisha kwa mikono, kwa kuogopa kumkata. Tulipomtoa, blanketi halikumtosha. Miguu ilibaki nje.

Mficha maradhi kilio humfichua. Niliisikia ile ngoma. Wote tuliisikia, lakini wazo lilikuwa langu na filimbi ilikuwa mdomoni mwangu.

Jumatatu, 3 Novemba

Tumemzika jana. Leo nimeshinda kilioni, nje, na wanaume. Hakuna aliyenilaumu. Heri wangenilaumu. Mjane wake alinipa kiti.

Nilimfuata mama mzazi wa Mwamba uani. Nyumba yao inatazama uwanja, ng'ambo tu ya barabara. Nikamwambia wazo la kuchimba chini lilikuwa la nani. Alikunja kitenge, akakikunjua. Kisha akasema: "Mufunge ile shimo. Sitaki kuiona kila asubui."

Siku zote huniita mwanangu. Leo hakuniita kitu.

Alhamisi, 6 Novemba

Siku tatu hizi tunafukia. Udongo, mawe, saruji iliyovunjika. Jiwe la kijani nalo tumelirudisha, hakuna aliyebisha. Tumekanyagakanyaga mpaka jioni. Wanne wameniaga, wanaenda Kambove. Safari hii wameaga.

Nimeiambia ligi Nyundo haina uwanja wala timu. Itolewe.

Jumamosi, 8 Novemba

Leo ingekuwa mechi. Likasi niliwaambia wasije.

Nilienda peke yangu kabla ya jua kuwa kali. Nguzo ya kikapu imeinama kidogo, lakini imesimama. Dirisha la mama yake Mwamba lilikuwa limefungwa. Nikasimama kwenye nafasi ya Mwamba, juu ya udongo mpya. Nikainua mkono kama yeye, nikauachia mpira.

Haukurudi. Ulikaa pale pale ulipoangukia.

Nikauokota, nikaufuta tope, nikaenda nyumbani.