Saa Uliyonitumia na Mbio za Mashimo Tisa

Nyumba ya Fundi Saa,
Ghorofa ya Kwanza,
Mkabala na Shule ya Msingi.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mwanangu Sisimizi,

Marahaba, naitikia kabla hujaamkia, maana nakujua hutasahau. Hujambo wewe? Mumeo hajambo? Na mjukuu wangu, bado anawang'ata wenzake au ameshastaarabika? Sisi huku wazima. Goti langu limetulia, kikohozi kimemwacha Baba Tiki, na cherehani yangu inasaga meno kidogo tu kwa uzee.

Najua unachotaka ni habari ya mashindano. Usirukie mwisho, Sisimizi! Mimi shangazi yako nimeandika kwa mpango, nawe usome kwa mpango.

Kwanza ile saa. Asante sana, mwanangu. Kumbe kitu kidogo vile kinajua nimekimbia umbali gani, kinajua zimebaki mita ngapi kufika kwenye shimo la gofu, na bado kina nafasi ya kunipigia masikioni nyimbo ulizonijazia! Wiki ya kwanza nilikuwa nakunja mikono ya blauzi hata kwenye baridi ili watu waione.

Baba Tiki hakuipenda. Unajua mume wangu na saa zake. Kama haina magurudumu ya kufungua kwa bisibisi, kwake hiyo si saa. Alipoisikia inaniuliza kama nimelala vizuri, akasema, "Hiyo si saa, hiyo ni mama mkwe."

Tena tuligombana kwa ajili yake. Kwenye saa za mishale tumezoea kusoma upande wa pili: mshale uko kwenye nane, sisi tunasema saa mbili. Sasa hii yako ina tarakimu tupu, upande wa pili hauna! Nikaona isiwe taabu, nikaisogeza mbele kwa saa sita, ili saa mbili ikifika iandike mbili kweli. Ikakubali, ila akili ikaiharibikia. Saa kumi alasiri, wateja wamejaa, nguo mkononi, yenyewe inatetemeka na kunishauri nikalale. Baba Tiki alikuwa akiitazama kwa uchungu kama mtu anayemwona mtoto wa jirani akitukana wakubwa.

Sasa mashindano. Nilikwambia kwenye simu kwamba klabu ya gofu, wale ninaowashonea sare na bendera za mashimo, wameanzisha gofu ya mbio. Unacheza huku unakimbia, wanajumlisha mapigo yako na dakika zako, mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Na mshindi wa wanawake wanampeleka kushindana huko huko uliko. Mwanangu, sikutaka kikombe. Nilitaka safari. Mtoto anatembea, anasema, na mimi bibi yake sijamshika hata kidole. Kila nilipofunga viatu, nilikuwa nalifikiria hilo tu.

Siku yenyewe tulitakiwa saa tatu asubuhi. Nilipofumbua macho nikaitazama saa, nikaona 7:00. Saa saba mchana! Nje wingu zito, hata jua la kuniambia ukweli halikuwepo, na Baba Tiki ameshashuka kufungua kibanda chake. Sikunawa. Nilivaa soksi moja nyeusi na moja ya maua, nikabonyeza nyimbo zianze ili nisisikie kilio changu mwenyewe, nikatoka mbio. Mama wa duka la dawa alidhani nakimbiza mwizi, akaanza kupiga yowe la kunisaidia.

Nilipofika uwanjani hapakuwa na mtu, isipokuwa shemeji yangu, mtunza uwanja, juu ya mashine ya kukata majani. Alicheka mpaka akaizima. "Shemeji, umekuja kushindana na umande? Hii ni saa moja asubuhi!"

Kumbe jana yake Baba Tiki, mimi nikiwa naoga, aliirudisha saa kwenye majira yake. Saa inayosema uongo isingelala nyumbani kwa fundi saa! Nilitaka kukasirika, lakini nikaona kwenye kioo cha saa: rekodi mpya. Miguu hii hii, na goti hili hili, haijawahi kukimbia vile. Nikajiambia, haya, kumbe inaweza.

Kwa kuwa nilikuwa nimewahi, nikauzunguka uwanja wote kwa miguu bila kugusa mpira, nyimbo zako zikiendelea. Saa inajua kila kiwanja cha shimo, yale majani mafupi yanayolizunguka, kinaanzia wapi na kuishia wapi, ila haijui bendera imehamishiwa wapi. Hilo nililiona kwa macho. Ya shimo la mwisho walikuwa wameirudisha nyuma kabisa, ng'ambo ya mchanga unaonasa mipira.

Mashindano yakaanza. Mpinzani wangu alikuwa yule dada wa benki, wanamwita Kimbunga, na jina halijakosea. Alimaliza kabla yangu, akawa anakunywa maji kwa madaha. Nilipofika shimo la mwisho nikaitazama saa: mita za kuuvuka mchanga ni hizi, mwisho wa kiwanja ni huu. Wote walikuwa wakipiga mapigo mawili mafupi kwa kuogopa mchanga. Nikachukua fimbo ndefu, nikapiga pigo moja. Mpira ukapita juu, Sisimizi! Ukapita, ukabingirika hadi karibu na bendera niliyoishona mwenyewe.

Nikaanza kuukimbilia, na nyimbo zikaisha. Nilikuwa sijawahi kuzifikisha mwisho, huwa mbio zinaisha kwanza. Safari hii zilikuwa zikilia tangu asubuhi. Kimya kidogo, halafu nikasikia sauti ya mtoto: "Bibi! Bibi, njoo!" Na kicheko chake.

Mbona hukuniambia umemrekodi? Nilikimbia huku nalia, sioni mbele. Nikapangusa macho, nikausukuma mpira, ukazama. Nimempita Kimbunga kwa pointi moja! Shemeji alinibeba juujuu, mtu mzima mimi, na Baba Tiki anatangaza mtaa mzima kwamba ushindi ni wa fundi. Nimemwachia afurahi.

Nisalimie mumeo, na yule mama jirani anayekusaidia kulea. Shemeji na Baba Tiki wanawasalimu sana. Mungu awalinde, awape afya na usingizi mtamu, kwenye majira yoyote.

Klabu wameshachukua pasipoti yangu. Mwambie mtoto bibi amesikia, anakuja.

Wako akupendaye, mshindi,
Shangazi