Nani Atafundisha Ngozi Baada ya Profesa Jepleting?

Kiamunyi, Nakuru
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa binti yangu Chepchumba,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Aberdeen, na kwamba kile kikohozi cha tangu Pasaka kimekwisha. Je, unakula? Kwenye picha uliyotuma shingo imebaki mifupa, na mimi si mtu wa kunyamazia jambo kama hilo.

Sisi hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamebeba, na ng'ombe wawili waliobaki wanatoa maziwa ya kutosha chai na ya kugandisha mursik kibuyuni. Goti langu hulalamika asubuhi, halafu linatulia. Jirani yetu Njoki amejenga ghorofa na kutunyima jua la jioni. Tumemsamehe kwa sababu ya mandazi yake.

Utashangaa kuona karatasi. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu ya nyumba hii haina siri. Nikikupigia, mama yako mkubwa huwa kando yangu akidakia kila neno, na habari niliyo nayo inamhusu yeye.

Kwamba Profesa wetu huyo anastaafu Desemba, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba tangu Mei haoni wagonjwa tena, na ni yeye mwenyewe aliyejitoa.

Wewe ulipitia mikononi mwake, kwa hivyo unaikumbuka kliniki yake. Mgonjwa anakaa karibu na dirisha, taa inazimwa, na kabla ya swali lolote mwanafunzi anampa mkono, bila glavu, ila kama kuna kidonda kibichi. Kwa hilo alikuwa mkali kweli. Alisema mgonjwa wa ngozi ameshakaa miaka kanisani watu wakimsalimia kwa mbali, na haji hospitalini kusalimiwa kwa mbali tena.

Basi, mwezi huo wa tano alikuja mama mmoja kutoka Ndabibi, jina lake Wangare, anayekata waridi katika shamba la maua. Alikuwa na weusi chini ya ukucha wa kidole gumba. "Ni mwiba tu, daktari," alisema. "Hizo hunidunga kila siku." Mama yako mkubwa aliushika mkono, akauelekeza dirishani, akakubaliana naye. Ni damu iliyovilia, itatoka ukucha ukikua. Akaomba aitiwe mgonjwa mwingine.

Kabiru, mmoja wa madaktari watatu wanaosomea ngozi kwake sasa, hakuuachilia ule mkono. "Prof, tafadhali rudi kidogo," alisema. "Hii nyeusi imetoka kwa ukucha ikaingia kwa ngozi huku nyuma. Si ni wewe ulituambia tukiona hivyo tusingoje?"

Ndiye aliyewaambia, tena katika somo la kwanza kabisa. Alirudi, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kidole, na bado hakuona kitu. Walikata kipande kikaenda maabara. Ilikuwa saratani, ila ilikuwa bado changa. Wangare amepoteza ncha ya kidole, lakini madaktari wanasema imetoka yote, na amesharudi kazini.

Hayo majibu mama yako mkubwa hakuyangoja. Palepale alimwambia Wangare mbele ya wanafunzi wote, "Mama, mimi nimekosea. Macho yangu haikuona. Huyu ndiye ameona." Kesho yake akaenda kupimwa. Ni presha ya macho, na imekula sana. Dawa itazuia kilichobaki, lakini kilichokwenda hakirudi. Jioni aliniambia jikoni, "Micah, nimeacha kliniki," kama mtu anayesema ameacha sukari. Nililia mimi. Yeye alikuwa akipapasa rafuni kutafuta chumvi.

Labda hatukukueleza vizuri alikotoka. Alipotaka kusomea ngozi, wakubwa wake walimwambia hiyo ni kazi ya daktari anayeogopa damu. Vitabu vyote vilikuwa na picha za Wazungu, na kila ugonjwa ulielezwa kwa wekundu. Sasa wewe niambie, wekundu utauona wapi kwenye ngozi kama yangu? Ilimbidi ajifunze mwenyewe kutafuta rangi ya zambarau, na kijivu, na joto chini ya vidole. Ndugu zangu walimwita Daktari wa Chunusi, na mimi nilicheka pamoja nao.

Utafiti wake wa kwanza ulikuwa mikono yangu hii. Mikono iliniwasha na kupasuka, nami nikawa naipaka mafuta ya kukamulia, yale ya kulainisha chuchu za ng'ombe, kama afanyavyo kila mfugaji huku. Ikizidi, naongeza. Yeye ndiye aliyegundua kwamba mafuta yenyewe ndiyo yaliyotukataa, mimi na wakamuaji wengine wengi. Alizunguka vituo vya maziwa na kamera yake, akipiga picha za viganja. Alipoonyesha picha ya mikono yangu ukutani katika mkutano wa madaktari Nairobi nilinuna wiki nzima. Baadaye nilianza kujisifu.

Hivyo ndivyo alivyofika kuwa mwanamke wa kwanza kuwa profesa wa ngozi katika chuo chetu, na kuanzisha kozi iliyokutoa wewe. Zamani utingo wa malori pale Salgaa akitokwa na mabaka alitumwa Nairobi, na akirudi, katika hospitali ya kijijini kwao hapati mtu wa kumfuatilia. Siku hizi anatibiwa hapa, na wanaomtibu wamefundishwa na yeye.

Kozi hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi. Bila mhadhiri bingwa, chuo hakiruhusiwi kuiendesha. Desemba ikipita bila mtu, itafungwa, na Kabiru na wenzake wawili wataachwa katikati ya masomo. Kazi imetangazwa mara mbili. Bingwa mmoja aliomba, kisha akapata mahali pa kulainisha nyuso za matajiri. Simlaumu, ana watoto wa kusomesha. Sasa imetangazwa mara ya tatu, na mwisho wa kuomba ni tarehe thelathini Oktoba.

Nilimwambia mama yako mkubwa tukuite wewe. Aliniwakia! "Usiguse huyo mtoto. Ako na maisha yake huko. Na akikuja, watasema nimeachia kiti mtu wa kwetu." Kwa hilo la pili nina jibu: wanaohoji ni wengine, yeye hataingia hata kwenye chumba. La kwanza ni kweli.

Kwa hivyo sikuombi, nakuarifu tu. Ukiamua kubaki huko, hakuna atakayekulaumu, na akijitokeza wa kukulaumu nitamkemea mimi.

Binamu yako Gedion na mkewe wanakusalimu sana, wamepata mtoto wa kike. Shangazi yangu Chepngeno anauliza kama huko kuna kanisa, nami nimemwambia yapo mengi. Mama yako mkubwa angekusalimu pia, lakini hajui kwamba naandika.

Neno moja zaidi. Ukija, njoo kwa ajili ya Kabiru na wenzake, na kwa ajili ya akina Wangare. Usije kumshika mama yako mkubwa mkono. Atakujua nia yako hapo hapo uwanja wa ndege, na hatakusamehe. Kama ni huruma, mwanangu, baki huko. Huruma ninayo mimi, nayo huwa naificha asiione.

Mungu akutunze katika baridi hiyo, na akuonyeshe lililo jema.

Ni mimi baba yako mkubwa, nikupendaye daima,

Micah Kemboi