Mama Sidi Kafutwa Tena, Tunatafuta Watu wa Kujitolea

Mchumba wangu wa zamani,

Neno "mpendwa" nililiandika, nikalitazama, nikalifuta. Hujambo lakini? Adabu ni adabu. Mimi sijambo, mama hajambo, na barua hii nimeiacha wazi kila mtu aisome, maana ninayemsema ni wewe, ila ninaowahitaji ni wengine.

Unayakumbuka matanga ya baba yako, pale Mtopanga? Wewe ndiye uliyepewa kazi ya kukusanya wasifu wa marehemu. Ukauandika kwa simu, ukawatumia ndugu. Shangazi yako wa Mikindani akaongeza yake, kakako wa Bamburi akaongeza yake, kila mmoja akakurudishia faili lake, nawe ukachapisha moja tu. Siku ya mazishi mchungaji akasoma vizuri mpaka akafika, "Ameacha mjane na watoto wanne." Mjane! Mmoja! Na Mama Sidi, mke mdogo wa baba yako, aliyemuuguza hadi pumzi ya mwisho, ameketi pale pale mbele na leso yake kichwani. Akainuka taratibu. "Kwani mimi na wanangu tulikuwa wapangaji?" akauliza.

"Ni simu," uliniambia. "Mafaili yamechanganyika." Nikakuamini, kwa sababu nilikuwa nakupenda, na mimi nikipenda huwa sina akili.

Ndipo tukaanza ile programu yetu, kibarazani kwa mama. Nikiri tu, siku zile zilikuwa tamu. Mama akituletea mahamri na mbaazi, wewe ukichora kwa chaki sakafuni: watu wote waandike mahali pamoja, kila mtu kwa simu yake, kila neno lijulikane ni la nani, na asifutwe mtu bila wenzake kuona. Na iwe huria, tukasema. Msimbo wake, yaani yale maandishi yanayoiendesha, uwe wazi, anayetaka ausome, autengeneze, autumie bure. Watu wakaja kujitolea. Mwalimu mmoja wa Changamwe akatafsiri maelekezo kwa Kigiriama. Binti mmoja alikuwa akivuka feri kutoka Likoni kila Jumamosi kuja kututafutia makosa. "Hawa ndio mradi wenyewe," ulikuwa ukisema. Maneno matamu ulikuwa nayo, hilo sikunyimi.

Kisha ukapata ukumbi huko Nairobi, wageni wamekaa na vitambulisho shingoni, nawe umevaa suti ya kuazima. Nilikutazama kwenye simu. "Nimeibuni peke yangu," ukasema, bila hata kumeza mate. Peke yako! Vyaelea vimeundwa, bwana, na waundaji tulikuwa saba. Nilipokupigia ukacheka. "Dama, dunia haiwangoji kina mama wa kanisani. Mimi nikiondoka, hicho kitu hakifiki Pasaka." Ukabadilisha neno la siri la akaunti, ukadhani umetufungia. Ebo! Msimbo ulikuwa wazi. Tuliunakili wote siku hiyo hiyo tukaendelea. Ulifunga mlango wa nyumba isiyo na ukuta, ukautia ufunguo mfukoni, ukaondoka unatamba. Pasaka ilipita, na nyingine ikapita, na wewe mpaka leo sijasikia ulichojenga zaidi ya jina lako.

Usijipe ukubwa ukadhani nakuandikia kwa mapenzi. Nakuandikia kwa ajili ya Mama Sidi.

Mamako mdogo hajiwezi siku hizi. Moyo unamsumbua na miguu imevimba. Ameamua kuandika wasifu wake angali hai, yeye na wanawe, kwa programu yetu. "Safari hii sisemewi na mtu," aliniambia. "Nitajiandika mwenyewe." Huandika kwa kidole kimoja, miwani imemshukia puani. Wiki iliyopita aliandika alivyokutana na baba yako machimboni Bamburi, alikokuwa akiwapikia vibarua chai. Wakati ule ule Sidi, akiwa kwake Mikindani, akaandika kwenye mstari ule ule. Maneno ya Sidi yakabaki. Ya mama yake yakapotea yote. Akanipigia simu. Nikamwamkia shikamoo, hata marahaba hakuitikia. "Mwanangu," akasema, "kimenifuta tena."

Nililia, nakwambia kweli. Halafu nikaufungua msimbo nikatafuta. Ni sehemu yako, Kahindi. Ile uliyotukataza kuigusa: "Hiyo ni ngumu, niachieni mimi." Nimeisoma mstari kwa mstari. Watu wawili wakiandika pamoja, programu inamchukua wa mwisho na kumtupa wa kwanza, kimya kimya. Hapana ugumu wowote pale, ni uvivu mtupu. Kazi hukuifanya, ukatutia woga tusiitazame. Na sasa sina hakika tena kama siku ile ya mazishi kosa lilikuwa la simu.

Kwa hiyo natafuta watu. Anayejua kuandika msimbo aje, hata kama ndiyo kwanza anajifunza, kwa kuwa peke yangu sitawahi. Asiyejua kabisa lakini ana simu kuukuu na subira, naye aje, aandike na wenzake kwenye mstari mmoja atuambie kilichopotea. Mwenye Kidigo au Kiduruma atutafsirie. Malipo hakuna, na sitawadanganya kwamba kuna umaarufu, ulienda nao wewe. Jumamosi mchana tuko kibarazani kwa mama, na aliye mbali afanyie huko huko aliko. Haraka yetu ni moja tu: Mama Sidi amalize maisha yake kuyaandika akiwa na macho ya kuyasoma.

Na kwa kuwa mradi ni huria, nawe siwezi kukukataza. Sehemu yako nimeiweka kwenye orodha ya kazi, katika fungu la wanaoanza, wale ambao bado hawajui kitu. Ukitaka kujitolea, karibu. Kazi ya kila mtu hukaguliwa kabla ya kupokelewa, na mkaguzi wa kazi yako nimeshamteua. Ukimaliza, nenda Mtopanga, mwamkie mamako mdogo, kisha umngoje aamue kama nawe utaandikwa kwenye wasifu wake.

Baki na salama yako,

Dama, aliyekuwa mchumba wako