Soma Mdomo Mzima

Chuoni, 4 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini u mzima, mgongo umetulia na cherehani haijaanza tena kula nyuzi. Mimi sijambo, ila naogopa, na naona aibu kukuambia ninachokiogopa.

Mwaka huu sisi wanafunzi wa meno tunafundishwa kazi za maafa. Jengo likianguka, mafuriko yakija au ugonjwa ukizuka, madaktari hawatoshi, na wakubwa wamegundua kwamba hata sisi tuna mikono. Tunajifunza kufunga majeraha, kuchanja watu, na kuwapanga majeruhi kwa tepe: mwekundu ahudumiwe sasa hivi, wa njano avumilie, wa kijani atembee mwenyewe, mweusi... basi. Jana tulifanya mazoezi. Wenzetu walilala uwanjani wamepakwa rangi nyekundu, nami nikamfunga mmoja utepe mweusi. Akaketi. "We! Mimi nimevunjika mguu tu!" Uwanja mzima ukacheka. Mimi sikuweza. Nikawaza: na siku ya damu ya kweli?

Mwalimu wetu tunamwita Ganzi, maana akianza kuongea viungo vyote vinakufa. Anatufundisha pia kuwatambua waliokufa kwa meno yao. "Usisome jino moja," anasema. "Soma mdomo mzima." Najizoeza kwa ile sanamu ya plasta niliyoitoa mdomoni mwako wakati wa likizo. Ipo dirishani: mapengo manne ya mbele juu, na lile la gego la chini kushoto lililong'olewa kabla sijazaliwa. Wenzangu wakipita wanaiamkia.

Na yale meno manne ya bandia niliyokutengenezea, yanakukaa vizuri?

Mwanao.


Nyumbani, 11 Machi

Mwanangu Bibi Meno,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo ndio ule ule. Najua ungependa nikupigie, lakini simu ni ya kupigia kelele. Ya maana nayaandika.

Nilidhani nimepeleka mtoto kusomea meno, kumbe anasomea mazishi. Usione aibu. Wasioogopa damu nawajua wawili tu: muuza nyama na mbu.

Meno yako hayajalala kabatini hata siku moja. Yanacheka kutwa kwenye karakana yetu ya ushonaji, tena yanacheka kuliko nilivyowahi kucheka mimi. Shahidi ni Mama Vifungo, jirani yangu wa cherehani, yule aliyekuwa akicheka kwa kuziba mdomo na kiganja.

Mengine si ya kucheka. Mwenye jengo ameongeza ghorofa nyingine juu yetu, na ukutani pangu pametokea ufa. Kwanza uliingia sindano, sasa unameza mkasi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye kapata njia ya tatu: kautundikia kalenda. Kila asubuhi nafunua Machi, nachungulia, halafu nafunika haraka kama niliyefumania jambo.

Wakikutuma kwenye maafa, waambie unaumwa jino.

Shangazi yako.


Chuoni, 15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Leo salamu ni fupi, nisamehe. Nilimwonyesha Ganzi barua yako, pale penye ufa. Hakuhutubia. Alisema, "Atoke leo," akanirudishia barua, na ufupi huo ndio ulioniogopesha.

Nimekupigia, ukakata ukisema ya maana yaandikwe. Basi: toka, tafadhali. Watoe na wenzako. Cherehani ni chuma, wewe si chuma.

Mwanao.


Hemani, 26 Machi

Shangazi,

Shikamoo, kama upo wa kuitikia. U mzima? Safari hii si salamu, nauliza kweli.

Jengo lenu lilipoanguka tuliletwa sisi. Nimepangiwa hema la waliokufa. Simu yako haipatikani, na haturuhusiwi kutoka hapa. Barua hii nimeinakili mara kadhaa, wenzangu wanaopeleka majeruhi hospitalini wanaibandika kwenye mlango wa kila wodi.

Leo mchana aliletwa mwanamke ambaye uso wake haukutambulika. Nikamfungua mdomo, nikakutana na meno yangu. Yale manne. Nayajua, la pili nililichonga likainama, ukasema lina adabu, linaamkia wenzake. Nikachukua kalamu nikaandika jina lako kwenye lebo, herufi zikitambaa kama siafu.

Ganzi alikuwa nyuma yangu. "Umesoma mdomo mzima?"

"Mwalimu, huyu ni shangazi yangu."

"Nimesikia, mwanangu. Soma."

Nikasoma huku nalia. Chini ya kile kibao kinachoshika meno mtu alikuwa amejaza nta ya mshumaa ili kibane. Nikashuka chini, kushoto. Gego lipo. Zima, halina hata doa. Nikatoa plasta yako mkobani nikatazama tena. Shangazi, gego la mtu mzima likishang'olewa halioti tena.

Nikafuta jina lako. Nikafurahi, mbele ya maiti ya mtu nikafurahi, kisha hofu ikarudi maradufu. Kama si wewe, ni nani? Na wewe uko wapi? Bado wanachimba. Machela ikiingia naangalia kwanza vidole, kama vina alama za sindano.

Nijibu. Hata neno moja.

Mwanao.


Wodini, 28 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Marahaba. Marahaba.

Mwandiko huu ni wa muuguzi. Mikono yangu imeviringishwa bendeji yote miwili kama mapacha wachanga. Amebandua barua yako mlangoni akanisomea, na pale penye meno akafuta machozi, kisha akaendelea.

Barua yako ya ufa niliipata asubuhi ile ile. Nikawasomea kwa sauti, wengi wakatoka. Mama Vifungo akasema, "Nimalizie vifungo viwili." Nikamgombeza. Akanicheka, kwa meno yako. Nilikuwa mlangoni namngojea jengo lilipoanguka. Mikono niliiumiza baadaye, nikifukua matofali kumtafuta.

Meno yale yalinilegea tangu siku ya kwanza, nikaogopa kukuvunja moyo. Nikampa Mama Vifungo, akayajaza nta, yakamkaa kama kazaliwa nayo. Tangu hapo hakuziba mdomo tena. Jina lake kamili liko nyuma ya karatasi hii, liandike kwenye lebo. Meno usimvue. Ni yake.

Sasa najua unawaza nini: mwandiko wa mgeni, labda mtu mwenye huruma anakutuliza tu. Humu ndani ya bahasha kuna kipande cha mshumaa. Muuguzi alikipasha moto kidogo, nikakiuma, juu na chini. Linganisha alama zake na ile plasta.

Soma mdomo mzima.

Shangazi yako.