Ubao wa Tatu Kutoka Chini

Jumatano, 9 Agosti 2023. Tabora

Imepakiwa! Wanaume kumi na wanne, kamba, kelele. Ng'ambo nzima imetoka nje kuangalia boti juu ya lori. Mtaani kwetu hata bomba hutoa maji kwa zamu! Binti yangu Tatu kapiga picha, kasambaza kila mahali. Fundi Nurdini, vitanda na milango, leo boti.

Ni ya Sista Getruda, mtawa muuguzi. Mita saba. Mbao tupu za mninga wa Sikonge. Miezi minne ya kazi. Ujanani nilijifunza kuunda boti Ujiji, miaka mitatu, tangu hapo sikugusa. Ndiyo maana nilikubali upesi vile. Nilitaka kuona kama bado naweza.

Sasa niandike ambalo sijamwambia mtu. Ubao wa tatu kutoka chini, upande wa kushoto, ulipasuka nilipokuwa naukunja. Ufa wa kama shubiri moja na nusu. Mninga ulikuwa umekwisha, lori limeshapangwa. Nikaujaza unga wa mbao na gundi. Nikapiga msasa. Nikapaka rangi ya bluu mara mbili. Hata mimi sasa sipajui mpaka nipapase.

Bwawani Igombe tuliijaribu saa mbili nzima, haikuingiza hata tone. Lakini lile ni bwawa.

Jana Sista kasema nisafiri nayo mpaka kituoni kwake Lugonza, kusini ya Ujiji, kando ya ziwa. Barabara hakuna. Aliyeitengeneza aipande, kasema, hapo nitaamini ni boti. Akacheka. Mama Tatu naye akacheka. Nami nikacheka.

Ijumaa, 11 Agosti. Ujiji

Kiuno hakipo. Urambo, Kaliua, Uvinza, vumbi mpaka kwenye meno. Babu wa babu yangu aliipita njia hii kwa miguu na mzigo kichwani, mwezi mzima. Sisi siku mbili tu, na tumefika tumenuna.

Nahodha anaitwa Raymundi. Miaka thelathini na tano hivi, mwembamba, maneno machache. Kaniamkia, "Shikamoo mzee," halafu akaanza kuizunguka boti. Mara tatu. Anagonga kila ubao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Alipofika pale nikainama kufunga kamba ya kiatu.

Akapita. "Kazi safi, mzee."

Ningemwambia pale pale. Mafundi wapo, mbao zipo, kazi ya siku moja. Nikafungua mdomo. Nikauliza wapi nitapata maji ya kunywa.

Jumamosi, 12 Agosti. Kambi ya wavuvi

Tumeondoka alfajiri, watu watatu: Raymundi, Sista na mimi. Sista katuvalisha maboya ya rangi ya chungwa. La kwangu linanibana shingo.

Nilidhani tutafuata ufuko. Wapi! Ufuko umejikunja ghuba baada ya ghuba, mafuta hayatoshi. Raymundi anakata moja kwa moja, rasi hadi rasi. Na kiangazi hiki moshi wa mapori umelala juu ya ziwa. Saa moja baadaye nikageuka nyuma: nchi hakuna. Mbele hakuna. Weupe tu kila upande, kama tumefunikwa bakuli.

Nikamuuliza anajuaje tunakokwenda. Upepo upige shavu la kushoto, kasema, ukihamia puani tumepotea.

Mita saba. Karakanani zilikuwa nyingi, nilichoka kuzipiga randa. Leo nimeona ni kitu gani. Hatua chache, na katikati kuna madumu na masanduku ya dawa. Sista niliyemdanganya ameketi mbele yangu, magoti yetu yanagusana, ananimenyea chungwa. Uso nitauelekeza wapi?

Saa tano rasi ikatokea kwenye moshi, palepale aliposema. Nilitaka kulibusu lile jiwe.

Tumevuta boti mchangani. Nimepapasa ubao kwa ndani. Unyevu. Unyevu tu.

Jumapili, 13 Agosti. Hapohapo

Upepo mkali, hatusafiri.

Nimemuuliza mvuvi mmoja njia ya kurudi Ujiji kwa miguu. Siku nne, kasema, milima mitupu. Akaangalia viatu vyangu, akaendelea na nyavu zake.

Basi. Mbele ni boti, nyuma ni milima.

Sista kasali na wavuvi, kisha akaja kukaa nami kivulini. Kumbe kazaliwa Ulyankulu, wiki chache baada ya wazazi wake kufika wakikimbia Burundi, mwaka sabini na mbili. Mama yake alivushwa maji na mimba kubwa, ndani ya mtumbwi uliojaa watu. Nikauliza kama ndiyo sababu ya boti hii. Hapana, kasema. Sababu ni yaliyotokea Machi. Mama mmoja wa Lugonza alishikwa na uchungu, mtoto kakaa vibaya, boti ya kuazima ikachelewa siku mbili. "Wote wawili, Mzee Nurdini. Niliwaosha mwenyewe." Akaangalia boti pale mchangani. Sasa tunayo ya kwetu, kasema.

Nilikuwa na kila nafasi ya kusema. Mtu yuko karibu yangu, anangoja nami niseme chochote.

Nikasema inshallah.

Baadaye nikasokomeza pamba na mafuta ya mawese kwenye ule ufa. Raymundi akauliza nafanya nini. Namaliziamalizia, nikasema.

Jumatatu, 14 Agosti. Ziwani

Kama saa nne. Nchi haijaonekana tangu asubuhi. Safari ya leo ndiyo ndefu. Mawimbi. Sista anatapika. Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Raymundi anadhani ni mawimbi yanayorukia ndani. Nachota kwa kopo. Nachota, nanyamaza.

Mchana.

Mashine imezima! Dumu la petroli lilikuwa limelala sakafuni, kifuniko kimelegea, maji yakaingia. Raymundi kavuta ile kamba mpaka kiganja kikachubuka. Inakohoa, inazima. Upepo unatusukuma kaskazini magharibi, Kongo huko, au katikati ya maji, hajui.

Akaanza kutafuta maji yanakotoka. Anapapasa ubao mmoja mmoja, kalala kifudifudi. Alianzia kulia. Mimi nimesimama namwangalia anatafuta upande usio wenyewe. Hapo nikashindwa.

"Ni kushoto," nikasema. "Wa tatu kutoka chini."

Akainua kichwa. "Umeonaje?"

"Sikuona. Nilijua. Toka Tabora."

Hakupiga kelele. Ningependa apige. Akaniangalia tu, akauliza, "Na nilipogonga pale Ujiji, ulikuwa wapi?"

Nafunga kiatu, nikasema.

Sista alisikia yote. Kajifuta mdomo kwa kitambaa. Nikamwambia, Sista nisamehe. Kasema, "Kwanza ziba."

Nimechana kanzu yangu ya Ijumaa, nikailoweka mafuta, nikaipachika kwenye ufa, juu yake bati la kopo jingine lililopondwa, misumari kumi na moja. Kila msumari namwomba Mungu ubao usipasuke zaidi. Maji yamepungua. Hayajakoma.

Jumanne, 15 Agosti. Ziwani

Ya jana usiku siyaandiki. Tulichota kwa zamu.

Kumekucha, weupe uleule. Kiu hatuna, maji yametuzunguka. Ya kunywa yapo, ila kwa Sista hakikai kitu tumboni. Midomo imempasuka. Anatetemeka. Raymundi hajaniita mzee tangu jana. Ananipa kopo, namrudishia kopo.

Saa tatu hivi.

Sauti ya mashine! Tumepiga masufuria, tumepunga maboya. Mtumbwi wa wavuvi wa dagaa, watatu, wamebeba nyavu, ukingo uko karibu sawa na maji. Kutuvuta hawawezi, mashine yao ndogo na upepo huu. Kuchukua watu wawili wanaweza. Wakifika kwao watatafuta boti kubwa irudi, kwa hesabu yao tutaonekana kabla ya alasiri. Tusipohama sana.

Sista hataki. Chombo ni changu, kasema, dawa ni zangu, siondoki. Raymundi akambeba kama mtoto, akamkabidhi kule. Ni mwepesi ajabu. Halafu akanigeukia. "Mzee, panda. Nitachota mwenyewe."

Toka Ujiji naomba nitoke kwenye hii boti. Sasa mlango uko wazi. Wale wavuvi wanahimiza, haraka, haraka, mawimbi yanagonganisha mbao zetu. Nikakamata ukingo wa mtumbwi wao, mguu mmoja tayari juu.

Mtu mmoja hawezi kuchota na wakati huohuo kushika kasia ili mawimbi yasitupige ubavuni. Raymundi anajua. Mimi ndiye niliyeitengeneza, najua vizuri zaidi.

Nikashusha mguu. Nikawaambia nendeni.

Sista kanyoosha mkono, nikaushika. Moto wa homa. "Nurdini," kasema, bila Mzee, "Lugonza wanaisubiri hiyo boti." Hakusema kanisamehe. Wakapotea kwenye weupe, sauti ikabaki kidogo, nayo ikaisha.

Adhuhuri.

Nimesali nimekaa, sijui kibla kiko wapi, nimefuata jua. Msumari mmoja umeng'oka. Nimeupigilia mahali pengine.

Alasiri. Imepita kidogo.

Hakuna boti. Upepo umeongezeka, tumehama, bila shaka tumehama. Mara mbili tumesikia mashine, mara mbili si kitu.

Tumekula muhogo wa jana, nusu kwa nusu. Raymundi kapasua, kanipa kile kikubwa. Halafu akauliza mke wangu anaitwa nani.

Sikutaka kujibu. Najua swali hilo huulizwa kwa ajili ya nini.

"Batuli," nikasema. "Ng'ambo, Tabora. Nyumba ina karakana mbele."

Akalirudia polepole, Batuli, Ng'ambo, karakana mbele. Wa kwake Consolatha, yuko Ujiji, watoto wawili, wa tatu njiani, mwezi ujao. Nami nimelirudia. Consolatha. Nimeliandika hapa kwa herufi kubwa ndani ya jalada, na la Batuli chini yake, nitalifunga daftari ndani ya mfuko wa nailoni.

Ananyoosha kopo. "Mzee, zamu yako."