Nyumba Kumi na Tisa za Mwalimu Sheikhan

Jumeirah Village Circle, Dubai
9 Oktoba 2024

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo, na salamu tele kutoka kwenye joto hili lisilotaka kuondoka. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaitumia, ama umeiweka juu ya kabati uitazame? Mimi mzima, alhamdulillahi.

Baba, nina shida ya shule. Wanafunzi wangu wanasoma historia ya Marekani, na wamefika kwa Rais Andrew Jackson, wa miaka ya 1830 huko. Nimesoma kitabu mara mbili na sielewi. Watu wa kawaida walimpenda mpaka wakapanda viti vya Ikulu na viatu vya matope, na huyo huyo ndiye aliyetaka Wacheroki, wenyeji wa kale wa pale, waondolewe kwenye ardhi yao. Wewe umefundisha historia miaka thelathini na moja. Nisaidie, nisiaibike.

Mwanao,
Amne

*

Mtondooni, Pwani
14 Oktoba 2024

Mwanangu Amne,

Marahaba, marahaba. Goti ni lile lile, tuachane nalo. Umenifurahisha mpaka chai imepoa. Masikio hayashiki simu tena, lakini vidole bado vinaandika barua pepe, basi kaa chini, mwalimu mwenzangu.

Jackson alikuwa jenerali asiye na ukoo mkubwa. Aliwaambia wakulima: wakubwa wamewaibia nchi, mimi nitawarudishia. Nani hampendi mtu kama huyo? Sasa tazama. Carolina Kusini ilipokataa sheria ya ushuru, ikisema inawaumiza watu wa kusini na kuwanufaisha wa kaskazini, Jackson alitishia kuipelekea jeshi. Sheria ni sheria! Lakini Georgia ilipowabana Wacheroki, na Mahakama Kuu ikasema Georgia haina haki hiyo, alikunja mikono. Waliotaka ile ardhi walikuwa wapiga kura wake. Maelfu ya Wacheroki walikufa katika kuhamishwa kule, yeye ameshastaafu. Waambie watoto wako waandike hilo kwa wino mwekundu.

Baba yako anayejivunia wewe,
Sheikhan

*

Dubai, 17 Oktoba 2024

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumai umeamka salama. Asante, nimewasomea yote. Lakini kuna msichana mmoja, Lamees, ana miaka kumi na sita na mdomo wake haupumziki. Anasema hayo yote yamo mtandaoni. Anachotaka ni hiki: mtu mwema, anayesali, anayemjulia jirani hali, alikubalije jambo kama lile? Nimemwahidi jibu. Wewe unalo?

Mwanao,
Amne

*

Mtondooni, 2 Novemba 2024

Mwanangu,

Salamu. Mwili ni mzima. Swali lako nimekaa nalo wiki mbili, na jibu ninalo.

Ulikuwa na miaka mitatu. Mwaka ule wa uchaguzi alitujia mgombea mmoja, mcheshi, anakula nasi sinia moja, anatuita ndugu. Akasema Pwani imeliwa na watu wa bara, na tukimpa kura kila mwenyeji atapata shamba. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Baada ya mkutano vijana wake wakanifuata: mwalimu, una mwandiko mzuri, tuandikie nyumba za wabara, moja moja. Wacheroki nao waliandikwa kabla ya kufukuzwa, Amne. Watu walizunguka na madaftari wakiwahesabu. Hilo sikulifundisha hata siku moja. Kila nilipoufikia ukurasa ule, niliuruka.

Niliandika nyumba kumi na tisa. Ya saba ilikuwa ya Chacha, mwalimu wa hesabu, tuliyekuwa tukikaa naye meza moja ofisini. Nilidhani ataambiwa tu ahame. La, nisikudanganye: sikutaka kudhani chochote. Siku nne baadaye nyumba zilichomwa. Chacha akapita na mkewe, kitanda chao juu ya mkokoteni, akasimama mlangoni kwangu kuniaga. Aliniaga, Amne! Akanishukuru kwa ujirani mwema.

Mama yako amekufa hajui. Usimwambie mtu.

Baba yako

*

Dubai, 20 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Najua umeniandikia mara nne na sikujibu. Sikuwa mgonjwa. Niliona haya.

Mimi si mwalimu. Shule iliyoniita huku ilitaka vyeti ambavyo sina, nikashindwa kurudi nyumbani mikono mitupu, nikawa yaya kwa madam Najla. Lamees ni binti yake. Huyo ndiye darasa langu zima.

Barua yako niliisoma jikoni nikalia. Lamees akanikuta. Yalla, Amne, nisomee, nisomee. Nikamtafsiria. Nilimwambia ni siri, kisha nikamwona anaandika na sikumzuia. Nilitaka ajue kwamba hata mimi natoka kwa watu wenye elimu.

Insha aliyoitunga kwa barua yako imeshinda mashindano. Aliisoma jukwaani shuleni kwao mbele ya wazazi wote, akakutaja, "baba wa yaya wetu". Mimi nilikuwa nimesimama nyuma, mdogo wake begani. Watu walilia. Madam aligeuka akanipigia makofi, na mimi, baba, nilitabasamu. Sasa wanawake wananisimamisha kwenye lifti: ni baba yako yule? Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Insha nimeiambatisha, na tafsiri yake. Nitukane ukitaka, ni haki yako.

Amne

*

Dubai, 16 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Siku ya ishirini na saba leo. Nimemwandikia Masuda wa dukani, jirani yako, akanijibu kwa mkato: sijui habari zake. U mzima? Niandikie hata neno moja. Hata la matusi, nitalipokea.

Mwanao, kama bado ni mwanao

*

Kehancha, 3 Machi 2025

Mwanangu Amne,

Marahaba. Ni mzima, ila goti limevimba kwa safari ndefu ya basi, na Ramadhani imenikuta njiani. Nilikukasirikia, sikufichi. Kisha nikaisoma insha. Lamees ameandika, "Mzee huyu amejuta maisha yake yote." Nikarudi kwenye barua yangu kutafuta niliposema hivyo. Hakuna. Sikujuta, Amne. Niliogopa kujulikana, miaka yote hii, na hofu ile nikaiita majuto.

Kabla ya kuondoka nilisimama msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Nikawaambia binti yangu ni yaya Dubai, na nyumba zile kumi na tisa niliziandika mimi. La kwanza halikumshtua mtu. Kwa la pili, wengi hawanisalimu tena. Masuda alijua habari zangu. Hataki kunitaja tu.

Chacha yu hai. Nilimpata juzi, huku kwao bara. Aliponiona alinikumbatia, akawaita wajukuu: njooni mumwone mwalimu Sheikhan, jirani yangu wa Pwani, mtu mwema! Wamenitafutia Mwislamu wa kunichinjia kuku wa futari. Mkewe amenitandikia kitanda chao wenyewe, nimekilalia siku mbili, na sijasema kitu.

Amekaa hapa mbele yangu, ananiuliza namwandikia nani. Nimemwambia ni Amne, yule mdogo. Amecheka, anasema alikuwa akikubeba mabegani, na anakusalimu sana. Nakufikishia salamu zake sasa hivi, kabla sijamwambia, kwa sababu nikishamwambia huenda akazichukua tena.

Baba yako